Magofu ya Mji Mkongwe Yana Wenyewe

Kila nyumba inapoanguka Mji Mkongwe wa Unguja, maneno yanayofuata yanajulikana kabla hayajasemwa. Wenyewe wameitelekeza. Wako Maskati, wako London, wameshatajirika, nyumba ya babu yao haiwashughulishi tena. Serikali inangoja nini? Iichukue, impe mwekezaji mwenye uwezo, mji upendeze. Maneno haya husemwa barazani na huandikwa magazetini, na mara nyingi husemwa na watu wanaoipenda Unguja kwa dhati. Kuona jumba la ghorofa tatu likigeuka rundo la mawe kunauma, na mwenye uchungu hutafuta wa kumlaumu. Lakini rai hii imekosea sababu, na njia inayoipendekeza Zanzibar imeshaipita zamani. Matokeo ya safari ile ndiyo sehemu ya magofu tunayoyalilia leo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba gofu ni mali isiyo na mwenyewe. Magofu mengi yana tatizo la kinyume: wenyewe wamezidi. Kinachokosekana ni mtu mmoja, au watu wachache, wenye haki ya kusema "tutengeneze" na neno lao likafuatwa.

Tuchukue mfano. Watu wake ni wa kubuni, lakini hesabu yake ni ile inayofanywa kila siku mbele ya kadhi. Mzee mmoja, mkewe ameshatangulia, anafariki na kuacha nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata sehemu mbili za dada yake, kwa hiyo nyumba ina mafungu manane: kila kaka robo, kila dada thumuni. Mpaka hapo hakuna lililoharibika. Ndugu watano wanaweza kukaa chini wakaelewana. Lakini nyumba haigawiki kama fedha taslimu, basi hawaigawi. Inaachwa kuwa "ya familia". Dada mmoja anabaki kukaa humo na wanawe, wengine wanakwenda zao kutafuta maisha. Miaka inapita, kaka mkubwa naye anafariki, anaacha mjane, watoto wa kiume watatu na binti mmoja. Robo yake inagawanywa. Mjane anapata thumuni ya ile robo, yaani fungu 1 katika 32 ya nyumba nzima. Yaliyobaki saba wanapewa watoto: mawili mawili kwa wavulana, moja kwa binti. Nyumba sasa ina wenyewe tisa, na bado ni kifo kimoja tu katika kizazi cha pili. Ndugu wanne waliobaki wakifariki na kuacha warithi kwa idadi kama hiyo, wenyewe watapindukia ishirini, na hapo wajukuu wa mzee bado ni watu wa makamo.

Sasa mtazame yule binti mwenye 1 katika 32. Tuseme anaishi Maskati, anafanya kazi hospitalini, na mpwa wake amempigia simu kumwambia paa linavuja. Afanye nini? Akituma fedha za paa zima, atakuwa ametengeneza mafungu 31 ya watu wengine, na hana njia nyepesi ya kuwadai. Akitaka kuuza fungu lake, mnunuzi mwenye akili hatanunua kipande kisichomruhusu hata kubadilisha kitasa. Akitaka nyumba yote iuzwe na kila mtu apewe chake, anahitaji kukubaliana na kila mrithi, pamoja na binamu asiyejulikana alipo, na pamoja na shangazi yake anayeishi humo na ambaye nyumba ikiuzwa hana pa kwenda. Kufungua kesi dhidi ya shangazi ni jambo ambalo watu wengi wa pwani hawalifanyi hata wakiwa na haki. Kwa hiyo ananyamaza. Kila mrithi akipima mambo kwa akili timamu anafikia uamuzi huohuo, na nyumba inafika mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyetaka ifike.

Mtu huyu akiambiwa kwamba hajali, anaonewa. Wapo watu Oman ambao wazazi wao waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wakavutwa na mwito wa Sultan Qaboos aliposhika utawala 1970 na kuwataka Waomani walioko ng'ambo warudi kujenga nchi. Wengi wao hadi leo wanazungumza Kiswahili majumbani mwao na wanajua nyumba ya bibi yao iko kichochoro gani. Kujali wanajali. Wamekosa utaratibu wa kugeuza kujali huko kuwa paa.

Wala siilaumu sheria ya mirathi. Sheria yenyewe inataka haki za watu zigawiwe mapema, na fiqhi ina milango ambayo wenye kulaumu hawaitaji. Mrithi anaweza kutoka katika mirathi kwa maridhiano, akapewa kitu na kuwaachia wenzake fungu lake. Wanavyuoni wanaliita takharuji. Ipo haki ya shufaa, inayompa mshirika nafasi ya mbele kununua fungu la mwenzake kabla halijaangukia mikononi mwa mgeni. Milango hii imewekwa kwa ajili ya mali isiyogawanyika kwa urahisi. Tumeifunga kwa mazoea ya kuiacha nyumba "ya familia" kwa kuoneana haya, mpaka walioweza kuelewana wakawa wote wako kaburini.

Wakati warithi wananyamaziana, mvua inaendelea na kazi yake, na hapa ndipo ilipo sehemu ya jambo hili ambayo mijadala yetu huipita juu juu. Nyumba ya Mji Mkongwe si nyumba ya zege. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi cha mtu kuweza kulala dirishani. Sakafu na dari ni boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake mawe madogo na chokaa iliyoshindiliwa. Urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 hivi, ndio uliopanga upana wa vyumba. Kwa sababu hiyo vyumba vya majumba haya ni virefu na vyembamba. Boriti hizohizo ndizo zinazoshikanisha ukuta wa huku na wa kule zisiachane.

Paa likitoboka, maji huingia kwa juu ya ukuta na kushuka ndani yake. Udongo uliokuwa ukishika mawe unaanza kulainika na kuoshwa. Vichwa vya boriti, vilivyozikwa ukutani mahali ambapo jicho halioni, vinaoza kwanza. Siku vikikatika, sakafu ya juu inaanguka juu ya sakafu ya chini, na kuta zinabaki zimesimama peke yake bila cha kuzishika. Zinatuna, zinapasuka, zinaanguka. Na kwa kuwa nyumba nyingi za vichochoroni zimeegemeana, jirani aliyekuwa akipaka chokaa kila mwaka anajikuta ukuta wake mmoja uko wazi, unanyeshewa kwa mara ya kwanza tangu ujengwe. Wenye haraka huziba nyufa kwa saruji, na saruji ni ngumu, hairuhusu ukuta kupumua; unyevu unabaki ndani na jiwe linaliwa kutoka katikati. Unguja hupata masika makubwa kati ya Machi na Mei na vuli mwishoni mwa mwaka. Nyumba iliyosimama karne moja na nusu ikiwa na paa inaweza kuanguka katika misimu michache ikiwa haina.

Maana yake ni kwamba mwanzoni nyumba inaweza kuokolewa kwa mabati, mbao na siku chache za fundi, na mwishoni haiokoleki kwa fedha yoyote, inajengwa upya tu. Kesi ya mirathi yenye warithi ishirini waliotawanyika nchi nne haiwezi kwenda kwa mwendo wa masika. Serikali ya mtaa inayongoja kwanza ijulikane nani mwenyewe ndipo iamue la kufanya, imeshaamua nyumba ianguke.

Turudi kwenye rai ya kuchukua. Wanaoipendekeza huizungumza kama jambo jipya linalohitaji ujasiri. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ilitaifisha nyumba nyingi za Mji Mkongwe, hasa za waliokimbia. Familia kutoka mitaa ya Ng'ambo na mashamba zilihamishiwa humo, chumba kimoja familia moja, kwa kodi ndogo. Nia ilikuwa njema na hoja yake ya haki ilikuwa na uzito: majumba makubwa yalikuwa ya wachache, na watu wengi walikuwa wakilala vibandani. Lakini kodi ile haikuweza kununua hata chokaa, mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza nyumba isiyo yake, na serikali iliyokuwa mwenye nyumba ilikuwa ikijenga magorofa ya Michenzani na haikuwa na fedha wala mafundi wa kutosha kwa ajili ya mawe ya matumbawe. Kufika miaka ya 1980 nyumba nyingi zilikuwa zimeshaanguka au zinaelekea kuanguka. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985 kwa sababu hali ilikuwa imefika hapo. Wakati huo, katika nyumba zile zilizotaifishwa, mwenye mali hakuwa mrithi wa Maskati. Alikuwa serikali.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi atazame Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, halikuwa na utata wa warithi. Lilikuwa mali ya umma, lenye jina duniani kote, katikati ya mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Sehemu yake ilianguka 2012, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea, upande mzima wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha. Silitaji jambo hili kumnyooshea mtu kidole. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hati ikiwa mkononi mwa serikali, maji hayaachi kushuka ndani ya ukuta.

Uganda nayo ililifanya jaribio hili, na kwa ukali kuliko popote Afrika Mashariki. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka mwaka 1972, maduka, viwanda na nyumba zao zilikabidhiwa bodi maalumu ya usimamizi. Hapakuwa na warithi wa kubishana nao, hapakuwa na mahakama ya kungoja; mali ilikuwa mikononi mwa serikali siku hiyohiyo, ikagawiwa. Majengo yakachakaa vibaya, kwa sababu aliyepewa hakujua atakaa nayo mpaka lini na hakuwa na hati ya kumwezesha kukopa. Sheria ya kurejesha mali hizo ilipitishwa 1982, urejeshaji wenyewe ukashika kasi miaka ya 1990, na migogoro ya nani alipewa nini kwa njia gani imeendelea kuisumbua Kampala miongo mingi baadaye. Kuchukua kulikuwa rahisi. Kilichofuata kimekula umri wa kizazi kizima.

Kuna watakaosema hiyo ni Afrika ya miaka ya sabini, wakati wa madikteta. Basi waende Detroit, Marekani, mji uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 na ukabaki na takribani 639,000 katika sensa ya 2020. Sheria ya jimbo la Michigan ya 1999 ilifupisha muda wa kutwaa nyumba zisizolipiwa kodi, na kwa kusudi zuri: kabla yake madeni ya kodi yaliuzwa kwa walanguzi, na nyumba ilikaa miaka mingi bila kujulikana ni ya nani. Kule Flint, mji wa jimbo hilohilo, wilaya ya Genesee iliunda benki ya ardhi iliyopokea nyumba hizo zikiwa na hati safi, ikazibomoa zilizokufa, ikawauzia majirani viwanja vya pembeni, ikakarabati zilizofaa. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini Detroit, sheria hiyohiyo ikishika mkondo mwingine, thamani za nyumba kwa ajili ya kodi hazikuteremshwa upesi baada ya bei kuporomoka kuanzia 2008. Watu maskini wakatozwa zaidi ya kilichoruhusiwa na katiba ya jimbo lao, wakashindwa kulipa, wakatwaliwa nyumba walizokuwa wakiishi. Makumi ya maelfu ya nyumba zilipita katika minada ya wilaya ya Wayne, nyingine zikianzia dola 500. Walanguzi wakanunua kwa mafungu, na nyumba zilizokuwa na watu zikawa tupu. Chombo kilichoundwa kuondoa magofu kikatengeneza magofu mapya.

Tofauti kati ya Flint na Detroit inatufundisha kitu ambacho wanaotaka nyumba zitwaliwe hawakioni. Kilichofaa Flint ni hati safi na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Kutwaa kulikuwa njia tu ya kuvifikia, na kwa Mji Mkongwe ni njia yenye gharama mbaya, kwa kuwa mji huu una historia ya watu kunyang'anywa. Mrithi wa Maskati akisikia kwamba serikali inaandaa orodha ya nyumba zisizotunzwa ili izichukue, hatatuma fedha za paa. Atatuma wakili, au atakaa kimya zaidi, asijulikane. Kila tishio la kuchukua linamfanya mwenye fungu ajifiche, nasi tunamhitaji ajitokeze.

Kuhusu mwekezaji sitasema mengi, kwa kuwa jambo lake liko wazi. Mwekezaji mwenye fedha hutaka ufukwe, Shangani na Forodhani, si gofu la ndani Kiponda ambako gari halifiki na jirani anakausha nguo dirishani. Akija huko ndani, hofu yake ya kwanza ni ileile: kanunua kwa nani? Mrithi mmoja akimuuzia bila wenzake, amenunua kesi. Na pale alipopata anachokitaka, si kila mara mji umefaidika. Jumba la Mambo Msiige lilipogeuzwa hoteli, jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake liliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ieleze wasiwasi wake waziwazi. Mji wa hoteli tupu, ambao jioni wakazi wake wa kweli wanarudi kulala mbali, una kuta nzuri na hauna mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani asubuhi. Mimi siuhesabu kuwa umerudishwa katika matumizi.

Basi serikali ifanye nini? Ianze na kile ambacho hakihitaji kujua mwenyewe ni nani. Mji wa Philadelphia ulikuwa na maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, vimejaa takataka na nyasi ndefu, wenyewe hawajulikani au hawajibu barua. Badala ya kungoja kesi, mji ulibandika notisi, ukaingia, ukasafisha, ukapanda nyasi na miti michache, ukaweka uzio mfupi wa mbao wenye upenyo wa kupitia watu. Umiliki haukubadilika. Watafiti walivigawa viwanja 541 kwa kura, vingine visafishwe na vingine viachwe, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa maskini ufyatuaji wa risasi karibu na viwanja vilivyosafishwa ulipungua kwa asilimia 29. Unguja hatuna tatizo la risasi, ila funzo lenyewe linatuhusu: serikali ya mtaa inaweza kuzuia madhara ya mali ya mtu bila kuifanya mali yake.

Kwetu sisi, sawa na kusafisha kiwanja ni kufunika paa. Nyumba ambazo paa limetoka lakini kuta bado zimesimama zijulikane moja moja, zifunikwe kwa mabati ya muda, kuta zilizotuna zitegemezwe kwa nguzo, mifereji ya maji izibuliwe. Gharama iandikwe kuwa deni juu ya nyumba, si juu ya mtu, ilipwe siku nyumba itakapouzwa, kupangishwa au kugawiwa. Mafundi wapo. Mjini bado wako watu wanaojua kupika chokaa na kukata boriti kwa kipimo, na kazi hii ingewapa vijana wa kuwafuata. Mamlaka ya Mji Mkongwe ina ujuzi wa kitaalamu wa kuisimamia, na Baraza la Manispaa ndilo linalobeba hatari ya ukuta kumwangukia mpita njia. Deni la namna hii lina faida nyingine: linampa mrithi aliyenyamaza sababu ya kupiga simu.

Baada ya paa ndipo lije suala la nani aamue. Uingereza, kwa sheria ya nyumba ya 2004, iliyapa mabaraza ya mitaa uwezo wa kushika usimamizi wa nyumba iliyokaa tupu kwa muda mrefu, kwa kipindi kisichozidi miaka 7, bila kuitwaa. Baraza linaikarabati, linaipangisha, linajilipa kutokana na kodi, na muda ukiisha nyumba inarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Uwezo huo umetumika mara chache kwa sababu taratibu zake ni nzito na mabaraza yana uvivu wa kuzifuata. Hata hivyo wazo lake linatufaa kuliko linavyowafaa wao. Sisi tayari tuna chombo chenye jina linalofanana na kazi hiyo, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo inasimamia mirathi ya Waislamu na kuitunza mali kwa ajili ya wengine. Ikiwezeshwa kupokea usimamizi wa nyumba yenye warithi wengi kwa miaka maalumu, kwa idhini ya wenye mafungu yaliyozidi nusu, na mahesabu yake yakawa wazi kwa kila mrithi popote alipo, yule binti wa Maskati angeweza kukubali usiku uleule aliosoma barua. Hangekuwa ameuza kitu. Hangekuwa amemshtaki shangazi yake. Shangazi angebaki katika vyumba vyake, na vingine vingepangishwa kulipa deni la paa.

Na kwa ndugu wanaotaka kumaliza, kuwe na mkopo mdogo wa takharuji: mrithi mmoja mwenye nia ya kukaa akopeshwe ili awape wenzake haki zao, nyumba ikiwa dhamana. Najua benki haziipendi dhamana yenye wenyewe tisa. Ndiyo maana nasema mkopo huo uwe kazi ya serikali ya mtaa, utolewe siku ileile na palepale ambapo warithi wanatia saini mbele ya kadhi, hati moja itoke yenye jina moja.

Nyumba za wakfu zina ugumu wake. Haziuzwi, hazirithiwi, na aliyeziweka alikusudia mapato yake yaende kwa msikiti, kwa masikini au kwa kizazi chake mpaka mwisho. Nyingi zimefungwa na kodi za zamani ambazo hazikusanyi hata gharama ya kuzitembelea. Lakini wakfu ulioanguka haumnufaishi yeyote, na kumuacha mpangaji alipe kidogo huku paa likimwangukia si kumhurumia. Fiqhi inajua kubadilisha wakfu uliokufa kwa ulio hai, na inajua upangishaji wa muda mrefu kwa mwenye kutengeneza. Kodi ipandishwe kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo alipiwe waziwazi na mfuko wa umma, si na ukuta.

Hoja nzito dhidi ya haya yote ni ya jirani. Yeye anaishi leo, chini ya ukuta uliotuna, na mtoto wake anapita hapo kwenda skuli. Kumwambia angoje warithi wa watu wengine waelewane ni kumdhulumu. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo sababu nimeanza na mabati na nguzo, vitu ambavyo havimngojei mtu. Ipo pia hoja ya mwenye nyumba mkaidi, yule mmoja ambaye hati yake ni safi, fedha anazo, na anaiacha nyumba ianguke makusudi ili apate kiwanja cha kujenga anachotaka. Watu hao wapo, na kwao huruma yangu imekwisha. Huyo aandikiwe, apewe muda, akipuuza asiruhusiwe kujenga hapo kitu kingine isipokuwa nyumba ileile kwa kimo kilekile na mawe yaleyale. Akijua kwamba kuanguka hakumpi kiwanja, ataanza kutafuta fundi.

Kutwaa kubaki, lakini kuwe mwisho kabisa: kwa nyumba ambayo imeshafunikwa, deni limekaa miaka, warithi wametangaziwa hapa na Maskati na London kwa majina ya marehemu wao, na hakuna aliyejitokeza wala aliyekubali usimamizi. Hapo iuzwe hadharani, kwa sharti kwamba mnunuzi aitengeneze kwa njia ya mji na kwamba ipatikane humo nafasi ya watu kuishi. Deni la paa likatwe. Fedha iliyobaki isiingie hazina kuu. Ikae amana katika Kamisheni, katika hesabu yenye jina la yule mzee wa Mkunazini, ili mjukuu akija baada ya miaka kumi na cheti cha kifo cha baba yake mkononi, alikute fungu lake la 1 katika 32 limeandikwa na apewe.